Kipimo Kimesema Si Malaria, Sasa Homa Hii ni ya Nini?

Wasomaji wanauliza, madaktari na wataalamu wa maabara wanajibu

Barua nyingi za safari hii zinaanzia mahali pamoja: mgonjwa amepimwa malaria, hana, na hakuna aliyemweleza kinachofuata. Tumechagua sita. Mbili za mwanzo tumezijibu kwa kirefu kwa sababu ndizo zinazogusa nyumba nyingi zaidi.

SWALI: Shikamoni madaktari. Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi saba. Tangu juzi anachemka, ana mafua na kikohozi kidogo, lakini ananyonya na anacheza homa ikishuka. Zahanati wamempima malaria kwa kipimo cha haraka, hana. Muuza dawa wa mtaani ananiambia hicho kipimo kinadanganya, nimpe dawa mseto ya malaria pamoja na amoksilini ili niwe na uhakika. Nifanyeje?
Mama, Temeke

JIBU: Marahaba, mama. Dawa mseto usimpe. Amoksilini nayo isubiri mpaka mtoto aangaliwe vizuri, kwa sababu tutakazozieleza.

Tuanze na kipimo. Kile kitepe kinatafuta protini ambayo vimelea vya malaria huimwaga kwenye damu. Kikifanywa sawasawa, ni nadra kikose malaria iliyofikia kumwangusha mtoto. Kinachoharibu majibu mara nyingi ni mikono yetu wahudumu. Damu inayotakiwa ni mikrolita 5 tu, yaani kujaza kichoteo mpaka kwenye alama yake. Ikizidi, kitepe chote kinabaki chekundu na mstari hafifu hauonekani. Ikipungua, hakuna cha kusomwa. Matone ya maji ya kipimo yawe idadi iliyoandikwa kwenye karatasi ya kiwanda hicho hicho, kwa maana aina moja hutaka matone mengi kuliko nyingine. Majibu yasomwe kwa dakika zilizoandikwa, kwa kawaida 15 au 20. Kikiachwa mezani mpaka mchana, maji hurudi nyuma na kuchora mstari ambao haukuwapo. Mstari wa herufi C, ule wa kuonyesha kwamba kipimo kinafanya kazi, usipotokea, kipimo kimeharibika na kinatupwa, hata kama mstari wa T, ule wa malaria, upo. Ukiona mambo haya yalifuatwa, amini majibu. Homa ikiendelea siku 2 zaidi, mrudishe apimwe upya.

Mwaka 2008 watafiti waliwachukua watoto 1,005 wenye umri wa miezi 2 hadi miaka 10, wote wakiwa na joto la nyuzi 38 au zaidi, katika kliniki za Dar es Salaam na Ifakara. Kila mtoto alipimwa kwa kina: damu, mkojo, majimaji ya puani, na picha ya kifua kwa waliohitaji. Matokeo yalichapishwa 2014. Malaria ilionekana kwa asilimia 10.5 tu. Maambukizi ya njia ya hewa yalikuwa asilimia 62.2, na kati ya hao wa njia ya hewa, nimonia iliyothibitishwa kwa picha ilikuwa asilimia 5. Maambukizi ya njia ya mkojo yalikuwa asilimia 5.9 na homa ya matumbo asilimia 3.7. Kwa ujumla, watoto 7 kati ya 10 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Amoksilini haiui virusi. Inachoweza kufanya kwa watoto hao ni kuwaharisha, na kuwazoesha bakteria waliomo tumboni mwao dawa ambayo siku moja itahitajika kwa dhati.

Kwa hiyo swali la kumpelekea mganga ni hili: je, mwanangu yumo katika wale wachache wenye bakteria? Hapo kuna mambo ya kufanya kwa macho na mikono. Mtoto akiwa ametulia, avuliwe shati na pumzi zake zihesabiwe dakika nzima, si nusu dakika mara mbili. Kwa umri wa mwanao, pumzi 40 au zaidi ni za haraka (kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11 mpaka wake ni 50). Mbavu za chini zikibonyea ndani kila anapovuta hewa, hiyo ni nimonia mpaka ithibitishwe vingine. Masikio yaangaliwe. Mkojo upimwe, hasa kama mafua na kikohozi vingekuwa havipo, kwa sababu mtoto mdogo hawezi kukuambia kwamba mkojo unamchoma. Ngozi iangaliwe, na shingo ijaribiwe kama inakunjika.

Utafiti mwingine wa Dar es Salaam, wa 2014 hadi 2016, ulilinganisha njia mbili za kuwahudumia watoto wenye homa. Njia moja ilimwongoza mhudumu kwa simu na kumpa vipimo vichache vya papo hapo, kikiwamo kile cha kubana kidoleni kupima oksijeni na cha CRP, ambayo ni protini inayopanda sana katika maambukizi mengi ya bakteria. Waliohudumiwa kwa njia hiyo walipewa antibiotiki kwa asilimia 11 hivi, wenzao wa njia ya kulinganishia asilimia 30 hivi. Ambao hawakupona vizuri walikuwa wachache zaidi katika kundi lililopewa dawa chache: asilimia 2.3 dhidi ya 4.1. Kuacha antibiotiki baada ya kumpima mtoto hakukuwadhuru.

Mwanao anaponyonya na kucheza, mpe kunyonya zaidi, mpimie joto, na umrudishe baada ya siku 2. Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au kuwa mgumu kuamka, usihesabu siku: peleka hospitali saa hiyo hiyo. Na kwa mama wenye vichanga: homa ya mtoto aliye chini ya miezi 2 haitibiwi nyumbani hata siku moja.

SWALI: Mwaka huu nimetibiwa taifodi mara tatu. Kila nikichoka na mwili kuuma naenda kwa maabara ya mtaa, napewa karatasi imeandikwa Widal 1:160, nanunua dawa za wiki mbili. Naanza kuogopa kwamba hii taifodi imekataa kutoka. Kuna dawa kali zaidi?
Fundi, Mombasa

JIBU: Ndugu fundi, kabla ya kutafuta dawa kali zaidi, tuulize kama taifodi yenyewe ilikuwapo. Tunashuku kwamba walau mara mbili haikuwapo.

Kipimo cha Widal ni cha 1896. Hakitafuti bakteria, kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili umewatengeneza. Ile 1:160 maana yake ni kwamba maji ya damu yako yamezimuliwa mara 160 na bado yameweza kuwashikamanisha bakteria wa kiwandani waliomo kwenye chupa. Kingamwili hizo hubaki miezi mingi baada ya kupona. Hupanda pia kwa bakteria wengine wa jamii ya salmonela, ambayo wa taifodi ni mmoja wao, kwa chanjo, na wakati mwingine kwa malaria. Mtu aliyekulia mahali ambapo maji si salama anaweza kutembea na 1:160 akiwa mzima kabisa. Karatasi yako ya mara ya pili na ya tatu huenda ilikuwa inasoma kumbukumbu ya mara ya kwanza.

Twende kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu wengi hupotezwa. Chukua wagonjwa 1,000 wenye homa, na tuseme 10 kati yao wana taifodi kweli. Kipimo kinachopatia asilimia 98 ya wasio na ugonjwa kinasikika kizuri mno, lakini kwa wale 990 waliobaki kitawaita wagonjwa watu 20 ambao si wagonjwa. Kati ya wale 10 wa kweli kitawakamata 7 au 8. Ukikusanya karatasi zote chanya, robo tu, au zaidi kidogo, ni taifodi. Huu si mfano wa kubuni tu: hospitali ya Muheza, Tanga, watoto waliolazwa walipimwa Widal na pia damu yao ikaoteshwa, yaani ikawekwa kwenye chupa yenye chakula cha bakteria ili waliomo waote, na utafiti uliochapishwa 2010 ulipata karibu hesabu hiyo hiyo. Na pale Widal ilifanywa kwenye vijaribio, yaani mirija ya maabara, kwa uangalifu wa maabara ya utafiti. Ile ya mtaani, ya kuchanganya tone moja na tone la dawa kwenye kigae cheupe na kukitikisa kwa mkono, ni dhaifu kuliko hiyo. Ikitikiswa dakika mbili tatu zaidi ya muda wake, tone linaanza kukauka na chembechembe zinajitokeza zenyewe.

Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu. Kina masharti yake, na yakivunjwa fedha zako zimepotea. Damu itolewe kabla ya kumeza antibiotiki yoyote. Kwa mtu mzima iwe mililita 8 hadi 10 katika kila chupa, kwa sababu mgonjwa wa taifodi anaweza kuwa na bakteria mmoja tu au pungufu katika kila mililita, na ukitoa mililita 2 huenda usimpate hata mmoja. Kizibo cha chupa kifutwe kwa spiriti, na ngozi isafishwe na kuachwa ikauke kabla ya sindano, la sivyo wataota bakteria wa ngozini. Majibu huchukua siku 2 hadi 5. Hata kikifanywa vizuri, kipimo hiki huwakamata wagonjwa 6 hivi kati ya 10, kwa hiyo daktari ataangalia pia hali yako: homa inayopanda siku baada ya siku, kichwa, tumbo kuuma, kufunga choo au kuharisha. Faida yake ya pili ni kubwa vilevile: wakiota, maabara inaonyesha ni dawa gani inawaua na ipi wameizoea.

Safari ijayo ukichoka na mwili kuuma, pima kwanza malaria, sukari, wingi wa damu na mkojo. Mombasa imepata milipuko ya dengi na chikungunya, homa za virusi vinavyoenezwa na mbu, na zote mbili zinauma viungo hivyo hivyo. Ukishuku dengi, kaa mbali na aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, maana huongeza hatari ya kuvuja damu. Paracetamol pekee ndiyo ya kupunguzia maumivu.

SWALI: Sisi ni wafugaji. Mzee wetu homa inamjia jioni na kuondoka asubuhi, mwezi wa pili sasa. Anatoa jasho usiku, kiuno na magoti vinamuuma, amekonda. Malaria hakuna. Mifugo nayo mbuzi kadhaa wametupa mimba. Kuna uhusiano?
Kijana wa Kajiado

JIBU: Upo, na umefanya vizuri kutaja mbuzi. Wengi hawawataji, na daktari naye haulizi.

Katika hospitali mbili za Moshi, 2007 na 2008, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa walifuatiliwa. Madaktari waliandika malaria kwa 528. Waliothibitika kuwa nayo walikuwa 14. Kati ya waliopimwa magonjwa ya bakteria yatokanayo na wanyama, zaidi ya robo walikutwa nayo: homa ya mgunda, homa ya Q, riketsia zinazoenezwa na kupe, na brusela. Siku ya kulazwa, hakuna hata mgonjwa mmoja ambaye daktari alikuwa ameandika ugonjwa wowote kati ya hiyo kama wa kushukiwa. Jambo hilo linatuumiza, kwa kuwa magonjwa haya yana dawa, na nyingi si ghali.

Dalili za mzee wako zinafanana sana na brusela. Apelekwe hospitali na aombewe kipimo cha damu kiitwacho Rose Bengal, kisha kithibitishwe kwa kipimo cha pili. Kile cha haraka cha brusela kilichozoeleka katika vituo vingi vya Kenya kilichunguzwa magharibi mwa nchi, na matokeo yaliyotolewa 2017 yalionyesha kwamba kinatoa chanya nyingi za uongo. Ikithibitika, matibabu ni wiki 6 za doksisaiklini pamoja na dawa ya pili atakayoichagua daktari, rifampisini au sindano. Dawa moja peke yake, au wiki 2 kwa kuwa mzee ameona nafuu, hurudisha ugonjwa, kwa sababu bakteria hawa hujificha ndani ya chembe za mwili. Jasho la usiku na kukonda ni dalili za kifua kikuu pia, kwa hiyo makohozi yapimwe sambamba.

Nyumbani, maziwa yachemshwe mpaka yafure na kupanda, yote, hata ya watoto. Kuyagandisha kwenye kibuyu hakutoshi, kwa maana bakteria wa brusela huvumilia uchachu kwa siku kadhaa. Mbuzi anapotupa mimba, asivutwe kwa mikono mitupu. Vaeni glavu, au mifuko ya plastiki kama glavu hazipo, na kondo na kijusi vichomwe au vizikwe kina kirefu mbali na mbwa. Mjamzito asikaribie kabisa. Daktari wa mifugo aitwe achukue sampuli. Na kama mbuzi wanatupa mimba kwa wingi baada ya mvua kubwa, toeni taarifa siku hiyo hiyo na msichinje mnyama mgonjwa: hivyo ndivyo homa ya Bonde la Ufa huanza. Ilitambuliwa Naivasha mapema miaka ya 1930, na ikalipuka vibaya Kenya na Tanzania baada ya mvua za 1997 na 2006.

SWALI: Dada yangu ni mjamzito. Homa ilimpiga siku tatu kali, ikaisha kabisa, tukashukuru. Baada ya wiki imerudi vilevile. Nyumba yetu ni ya udongo.
Msomaji, Dodoma vijijini

JIBU: Mpelekeni hospitali leo, homa ikiwa bado juu, na mtaje neno papasi, yule kupe wa ndani ya nyumba anayeeneza homa ya namna hii, kwa mtaalamu wa maabara.

Homa ya papasi husababishwa na borelia, bakteria mwenye umbo la kizibuo. Kila mwili unapojifunza kumtambua na kumfukuza, wachache waliobaki hubadilisha koti la nje na kuzaliana upya. Ndiyo maana homa inakatika na kurudi. Huonekana kwenye kile kile kioo cha damu nene kinachopakwa rangi kwa ajili ya malaria, ila damu itolewe mgonjwa akiwa na joto, kwani kati ya kipindi na kipindi huwa wachache mno. Kipimo cha haraka cha malaria hakimwoni kamwe, na tangu vipimo hivyo vienee, hadubini nyingi zimefunikwa. Msisitize hadubini itumike.

Kwa mjamzito ugonjwa huu ni mzito, huweza kuharibu mimba. Antibiotiki inauponya, lakini saa chache baada ya dozi ya kwanza mgonjwa anaweza kutetemeka sana na presha kushuka, kwa sababu bakteria wanakufa wengi kwa pamoja. Dozi hiyo anywe au achomwe akiwa wodini.

Papasi hukaa kwenye nyufa za sakafu na kuta, hutoka usiku, huuma kwa muda mfupi na kurudi, na anaweza kukaa miaka bila kula. Kitanda kiinuliwe na kisiguse ukuta, chandarua chenye dawa kichomekwe chini ya godoro, nyufa zizibwe. Mkiweza sakafu ya saruji, hiyo ndiyo dawa ya kudumu.

SWALI: Mtoto wa jirani alifikishwa hospitali na homa kali, hoi, mikono baridi. Hawakumwekea dripu ya haraka, walimpa dawa na oksijeni. Tulilalamika sana. Tulikosea?
Muheza

JIBU: Malalamiko yenu yanaeleweka, na zamani vitabu vingi vingekubaliana nanyi. Utafiti uliochapishwa 2011 ndio uliobadilisha mambo, na hospitali ya Muheza ilikuwa mojawapo ya zilizoshiriki, pamoja na za Kenya na Uganda. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko wa damu kuzorota waligawanywa kwa kura. Kwa waliomiminiwa maji kwa kasi mwanzoni, vifo ndani ya saa 48 vilikuwa asilimia 10.6 au 10.5 kulingana na aina ya maji. Kwa ambao hawakumiminiwa, asilimia 7.3. Watoto wenye kuharisha kulikokausha maji mwilini hawakuwemo katika utafiti huo, na wao bado huhitaji maji mengi. Mwenye upungufu mkubwa wa damu huhitaji kuongezewa damu.

SWALI: Nauza dawa. Wateja wanataka homa ishuke papo hapo. Niwashauri nini kuhusu paracetamol, na kumwagia mtoto maji ya baridi?
Duka la dawa muhimu, Morogoro

JIBU: Uliza kilo kabla ya umri. Dozi ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 kwa siku. Kwa dawa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5, mtoto wa kilo 10 anywe mililita 5, wa kilo 14 mililita 7.5. Soma chupa kila mara, kwa sababu zipo zenye miligramu 250 katika mililita hizo hizo 5, na matone ya vichanga yana nguvu zaidi. Toa sindano isiyo na ncha au kikombe chenye alama. Kijiko cha nyumbani kinapima lolote. Uliza pia kama mtoto tayari anapewa dawa ya mafua, maana nyingi zina paracetamol ndani, na dozi mbili zikikutana zinaharibu ini.

Paracetamol humpa mtoto nafuu anywe na alale. Haitibu chanzo cha homa, na tafiti zimeonyesha haizuii degedege. Maji ya baridi na spiriti vinamtetemesha, na kutetemeka kunaongeza joto la ndani. Apunguzwe nguo, anyweshwe.

Degedege ikitokea dukani kwako, mlaze ubavu kwenye mkeka, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, angalia saa, usiweke kijiko wala kidole wala dawa kinywani, usimfukize chochote. Hata ikikoma yenyewe, apelekwe kituo cha afya apimwe malaria na sukari na shingo iangaliwe. Ikipita dakika 5, usisubiri ikome: tafuta usafiri huku akiwa amelala ubavu vilevile.